Bei ya Kinamasi

Mto Kuja huanzia kwenye milima ya Kisii na Nyamira, ukapokea maji ya Mto Migori njiani, kisha ukashuka tambarare ya Nyatike na kuingia Ziwa Victoria kaskazini kidogo ya Muhuru Bay. Ukikaribia ziwa mto hupoteza kasi. Udongo mwekundu uliochukuliwa kwenye mashamba ya juu hutua hapo, na juu yake husimama mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, mengine marefu kupita mtu mara mbili. Mizizi yake husukana hadi ikawa kitanda kinene. Ukikanyaga ukingoni kitanda kinatikisika, maji yanapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, na harufu ya tope lililooza inakujia usoni. Chini yake mna samaki, kamongo na mumi. Viboko hutoka humo jua likishatua, wakaenda kula nyasi na, mara nyingine, mahindi ya watu.

Mafunjo ya ziwa hili yana ndege ambaye hawezi kuishi nje ya mafunjo. Mgongo wake ni mweusi, kifua chake chekundu kama damu, utosi wake wa manjano. Husikika kabla ya kuonekana, dume na jike wakijibizana ndani ya mabua. Mafunjo yakichomwa au yakilimwa, ndege huyu hahamii kwenye mti wala kwenye nyasi za jirani. Anatoweka tu.

Nimeiweka picha hii mbele kwa sababu historia ninayoisimulia inahusu pesa, na pesa husahaulisha upesi kile inachonunua. Kuna mahali duniani ambako meli ilimwaga mafuta, mwenye meli akatozwa faini na fidia, na fedha hizo zikanunua misitu ili ndege na samaki wapate pa kukaa. Kuna mahali pengine, hapa kwetu, ambako mafuta yalimwagika na hakuna hata robo ekari iliyonunuliwa kwa ajili hiyo. Visa hivyo viwili vimetengana kwa takriban mwaka mmoja.

Kisa chetu ndicho kilichotangulia. Mwaka 1988, kwenye hori ya Makupa inayotenganisha kisiwa cha Mombasa na bara, tangi la mafuta ghafi lilitoboka. Makadirio yaliyochapishwa baadaye na watafiti wa mikoko yalisema zimemwagika tani zipatazo 5,000, na kwamba hektari kama 10 za mikoko ziliangamia. Miti ya mchu, ambayo ni mingi kwenye tope la juu, hupumua kwa mizizi inayochomoza wima kutoka ardhini. Mizizi hiyo ina vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Mafuta yakiganda juu yake, mti unakosa pumzi. Majani yanageuka manjano, yanapukutika, na shina linabaki limesimama likiwa limekufa. Mwambani unaweza kusugua. Mchangani unaweza kuzoa. Kwenye tope la mikoko, kila mtu anayeingia na ndoo na koleo huyakanyagia mafuta chini zaidi, na huko chini hakuna hewa ya kuyavunja, kwa hiyo hukaa miaka mingi.

Mikoko yote ya Kenya ilikuwa imetangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932. Kisheria basi mwenye mali alikuwepo. Lakini mwenye mali huyo hakuwa na utaratibu wa kuhesabu hasara ya kaa, kamba, ndege na vifaranga vya samaki, na kuileta mahakamani kama mtu anavyoleta hasara ya ng'ombe wake. Sheria yetu kuu ya mazingira, yenye kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe, ilipatikana 1999, miaka kumi na moja baadaye. Mwezi Aprili 2005 mafuta yalimwagika tena bandarini Mombasa, safari hii kutoka kwa meli iitwayo Ratna Shalini, yakafika kwenye mikoko ya Port Reitz.

Sasa twende Alaska. Usiku wa kuamkia 24 Machi 1989, siku ya Ijumaa Kuu, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh Reef katika ghuba ya Prince William Sound. Lita zipatazo milioni 42 za mafuta ghafi ziliingia baharini, na pwani ya urefu wa kilomita kama 2,100 ikapakwa. Wanasayansi walikadiria kwamba ndege wa baharini robo milioni walikufa, pamoja na fisimaji wa baharini 2,800 na sili 300. Hesabu za namna hiyo nazitaja kwa sababu zilifanya kazi: ziliwekwa mezani kama sehemu ya madai. Mwaka 1991 kampuni ya Exxon ilikubali kulipa dola milioni 900 kwa awamu, mbali na faini ya jinai. Fedha hizo ziliwekwa chini ya baraza la wadhamini sita, watatu wa serikali kuu ya Marekani na watatu wa jimbo la Alaska.

Wadhamini walikuta jambo ambalo halikutarajiwa na wengi. Mafuta yenyewe, baada ya majira kadhaa ya mawimbi na kusafisha, hayakuwa tena na mengi ya kufanyiwa. Hatari mpya kwa viumbe waliobaki ilikuwa shoka. Misitu ya kando ya bahari ilikuwa imepangwa kukatwa, na kuna ndege mdogo wa baharini katika sehemu hizo ambaye huvua samaki mchana kutwa kisha huruka nchi kavu kutaga yai moja kwenye tawi pana la mti wa kale. Aliyeponea mafuta angekuta mti wake umegeuzwa mbao. Samaki aina ya samoni nao wanahitaji vijito vyenye kivuli na maji yasiyo na tope. Hapo wazo likakomaa: njia bora ya kumponya kiumbe aliyeumizwa baharini ni kumhifadhia makao yake nchi kavu.

Wakaanza kununua. Mwaka 1993 walinunua ardhi katika ghuba ya Kachemak na Seal Bay kwenye kisiwa cha Afognak. Kufikia mwisho wa kazi hiyo, ardhi iliyohifadhiwa, ama kwa kununuliwa moja kwa moja au kwa mikataba inayozuia kukata miti na kujenga, ilikuwa ekari zipatazo 650,000.

Lakini waliinunua kwa nani? Hapa ndipo msomaji wa Nyatike anapopaswa kutulia. Wauzaji wakubwa walikuwa kampuni za wenyeji wa asili wa Alaska. Sheria ya mwaka 1971 ilikuwa imemaliza madai yao ya kale kwa kuwapa ekari milioni 44 na fedha karibu dola bilioni moja, na ardhi hiyo ikawekwa mikononi mwa kampuni ambazo wanajamii wenyewe ni wanahisa. Kwa hiyo miaka kumi na minane kabla ya mafuta kumwagika, swali la nani mwenye msitu lilikuwa limeshajibiwa. Jibu lile halikumpendeza kila mtu, na wengi walinung'unika kwamba nchi ya mababu imegeuzwa hisa. Hata hivyo, wanunuzi walipofika walimkuta mtu wa kuzungumza naye, mwenye hati na mwenye uwezo wa kukataa.

Kijiji cha Chenega kinanigusa kuliko vyote. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1964, tetemeko la ardhi lilileta wimbi lililokifuta na kuua karibu theluthi moja ya watu wake. Waliobaki walitawanyika miaka ishirini, wakajenga kijiji kipya 1984. Baada ya miaka mitano tu, Ijumaa Kuu nyingine, mafuta yalimwagika, kisha yakawafikia. Kampuni yao ilikubali katika miaka ya tisini kuhifadhi karibu ekari 60,000. Watu wa namna hiyo hawauzi ardhi kwa wepesi. Mikataba mingi ya Alaska iliacha wazi haki ya wenyeji kuvua na kuwinda chakula chao kama zamani, na bila kipengele hicho nadhani mingi isingetiwa saini.

Wavuvi hawakuwa na bahati hiyo. Baraza la mahakama liliwapa 1994 dola bilioni 5 kama adhabu kwa Exxon. Kesi ikazunguka rufani baada ya rufani hadi 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoipunguza adhabu hiyo mpaka takriban dola milioni 507. Kati ya hukumu ya kwanza na ya mwisho ilipita miaka kumi na minne, na wengi walikuwa wameshazikwa. Naandika haya ili mtu asidhani kwamba huko kila kitu kilikwenda sawa. Ardhi ililindwa upesi kuliko watu walivyolipwa.

Kinamasi hasa, cha chumvi na matete, kilinunuliwa baada ya ajali nyingine. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko tarehe 20 Aprili 2010, watu 11 wakafa, na kisima kikabubujika chini ya bahari kwa siku 87. Sehemu ya fedha za adhabu ilipelekwa kwenye mfuko wa kulinda mazingira ya ghuba hiyo, na mwaka 2014 mfuko huo ukasaidia kununua ranchi ya Powderhorn kwenye pwani ya Texas: ekari 17,351 za nyika, mabwawa na vinamasi vya maji ya chumvi, kwa dola milioni 37.7. Kwa kipimo chetu ni hektari 7,000 na ushei.

Kumbuka ukubwa huo, kwa kuwa nao unatufikisha Siaya. Kinamasi cha Yala, kwenye mdomo wa mto wa jina hilo, kina hektari zipatazo 17,500. Ndani yake kuna Ziwa Kanyaboli, ambamo samaki wa asili aitwaye ngege amesalimika. Sangara, ambaye sisi Kenya twamwita mbuta, alipopandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya hamsini na sitini, ngege alikaribia kwisha kwenye ziwa kubwa, lakini ukuta wa mafunjo ulimzuilia Kanyaboli. Mbuta hastahimili maji yenye hewa kidogo, na ndani ya mafunjo hewa ni kidogo. Nzohe pia yumo, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame.

Mwaka 2003, mabaraza ya wilaya ya Siaya na Bondo yaliikodishia kampuni ya Kimarekani, Dominion, hektari 6,900 za kinamasi hicho kwa miaka 25 ili ilime mpunga. Karibu ukubwa uleule wa Powderhorn. Kule Texas wazo lilikuwa kwamba kinamasi kina thamani kikiachwa kilivyo. Huku Nyanza wazo lilikuwa kwamba kinamasi hakina thamani mpaka kikaushwe. Sheria ya wakati huo iliyaruhusu mabaraza kufanya hivyo, kwa maana ardhi ya jamii ilikuwa mikononi mwao kama amana. Wakazi walilalamika kuhusu maji yaliyofurika baada ya ukingo kujengwa mtoni, malisho waliyoyakosa, njia za kufika ziwani zilizozibwa. Wengine walipata ajira na mchele, na nao wana haki ya kusikilizwa. Kampuni ikaondoka kabla miaka 25 haijatimia, nyingine ikaingia, na mabishano juu ya mwenye kinamasi yakarudi kwenye Tume ya Taifa ya Ardhi na mahakamani. Wakati huohuo kaunti za Siaya na Busia, pamoja na shirika la Nature Kenya na vikundi vya wanavijiji, zimetengeneza mpango wa matumizi ya ardhi unaotenga eneo la uhifadhi linalosimamiwa na jamii.

Je, ununuzi hauwezekani Kenya? Unawezekana, na umefanyika. Kwenye nyanda za Kinangop, ambako mashamba ya watu yana hati, Nature Kenya imenunua vipande vya nyasi kwa ajili ya ndege mmoja mdogo asiyepatikana nje ya Kenya. Huko Dakatcha, Kaunti ya Kilifi, kisa ni kizuri zaidi. Kulikuwa na ndege aina ya kwera, mwenye manjano tumboni, ambaye kwa miongo mingi hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Mwaka 2013 wanakikundi wa uhifadhi wa Dakatcha pamoja na mwanaasili Fleur Ng'weno waliwakuta wakijenga viota ndani ya kinamasi cha msimu, kwenye mabua yaliyosimama majini. Wataalamu wote walikuwa wametafuta msituni. Tangu hapo ulinzi wa vidimbwi hivyo umekuwa sehemu ya juhudi ya Dakatcha, ambako Nature Kenya na A Rocha Kenya zimekuwa zikinunua ardhi kwa hifadhi.

Gazi, kusini mwa Mombasa, walifuata njia nyingine. Mikoko ni ya serikali, hainunuliki. Basi wanakijiji waliingia mkataba wa usimamizi wa pamoja na idara ya misitu, na tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa inayofyonzwa na hektari 117 za mikoko. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Hawakununua hata futi moja ya ardhi, na mikoko yao imesimama.

Nikirudi Nyatike na kuuliza ni njia ipi kati ya hizo inafaa mdomo wa Kuja, najikuta mbali na Texas na karibu na Gazi. Kwanza kwa sababu ya Katiba. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema maziwa na mito ni ardhi ya umma, na kifungu cha 63 kinalinda ardhi ya jamii. Kati ya maji na shamba la kwanza lenye hati kuna ukanda ambao ukoo mmoja unaujua kuwa wake, kikundi cha ufuoni kinausimamia kwa shughuli za uvuvi, na serikali inauhesabu kuwa ukingo wa ziwa. Anayekuja na pesa za kununua atalazimika kuchagua nani amlipe, na kwa kuchagua tu atakuwa amewasha moto.

Pili, ziwa lenyewe halitulii. Mvua za 1961 hadi 1964 ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili, na wazee bado wanaeleza vijiji vilivyohamishwa. Mei 2020 maji yalifikia kimo hichohicho na kukipita kidogo. Fuo nyingi za kaunti za Migori na Homa Bay zilizama, vyoo na maghala ya omena yakaingia majini, na mafunjo yakang'olewa yakaelea kama visiwa. Maji yaliposhuka, mafunjo yalianza kuota mahali papya. Hati ya shamba ina vigingi vilivyopigwa chini. Kinamasi cha ziwa hili husogea, na ulinzi wake lazima uweze kusogea nacho.

Tatu, mafuta yameshafika ziwani. Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika 2018, ili meli zipakie petroli na dizeli kupeleka ghala lililojengwa ufuoni Uganda. Meli itokayo Kisumu hupita Ghuba ya Winam, ikapenya mlango wa Rusinga, yaani mbele ya macho ya watu wa Homa Bay, kabla ya kufika maji makuu. Muhuru haiko kwenye njia hiyo. Muhuru mafuta huja kwa mitungi na madumu ya injini za boti, na sumu inayoogopwa zaidi ni zebaki ya wachimba dhahabu wa Macalder na jirani zake, inayoweza kuteremka na mito na kunaswa na mafunjo hayohayo. Lakini petroli na dizeli ni nyepesi, husambaa upesi juu ya maji na ni sumu kali kwa samaki wachanga, ambao hukulia mahali penye maji tulivu na mabua mengi. Meli moja ikipasuka karibu na Mbita, kwenye mlango huo wa Rusinga, hasara ya kwanza itahesabiwa ndani ya mafunjo.

Itahesabiwa na nani, na kwa kulinganisha na nini? Wadhamini wa Alaska walipambana kwa miaka mingi na upungufu huo: kwa viumbe kadhaa hapakuwa na hesabu ya kuaminika ya kabla ya ajali. Nyatike na Mbita wana nafasi ya kutangulia. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa jina lake na kuchagua kamati ya kuisimamia. Vikundi vya fuo tayari vinaandika samaki wanaotua kila siku. Vijana wanaojua ndege wapo, na wamezoea kuwaongoza wageni kwenye vinamasi vya Dunga na Yala. Ramani ya mafunjo ya Kuja iliyochorwa pamoja na wazee wa ukoo, daftari la viota na mazalio ya samaki, makubaliano ya maandishi kuhusu nani avune togo wapi na mwezi gani: kazi hizo zinaweza kuanza kwa fedha kidogo ambazo bunge la kaunti likitaka litazipata katika bajeti ya mwaka mmoja.

Na kuna ombi moja la kupeleka Nairobi na, kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kampala na Dodoma pia, kwa kuwa kutoka Muhuru hadi mpaka wa Tanzania ni mwendo mfupi wa boti. Kila meli ya mafuta inayosafiri ziwa hili iwe na bima inayotaja waziwazi hasara ya mazalio ya samaki na makao ya ndege, na fedha ikilipwa ipokelewe na wadhamini ambao baadhi yao wanatoka fuoni. Marekani walipata sheria ya namna hiyo 1990, mwaka mmoja baada ya Bligh Reef. Sisi tumepita Makupa, tukapita Port Reitz, na meli zimeshaanza kupakia Kisumu.